Vyungu Havina Kabila

Kuna bakuli moja la udongo ambalo limenishughulisha kwa miaka minne sasa. Halina makuu. Umbo lake ni nusu duara, kama kibuyu kilichopasuliwa katikati. Limepakwa udongo mweupe nje na ndani, kisha likachorwa mistari ya kahawia inayopandana kama ngazi. Mkono wake ni mmoja tu, umetokeza pembeni kama panda ya manati. Kitako halina, kwa hiyo ukiliweka juu ya meza litayumba kidogo kabla ya kutulia. Lilifinyangwa katika kisiwa cha Kupro, mashariki mwa Bahari ya Mediterania, zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Wanaakiolojia wa mwanzo waliyaita mabakuli ya aina hii "mabakuli ya maziwa" kwa sababu ya weupe na umbo lake, na jina hilo limebaki.

Nililikuta London nilipokuwa mwanafunzi, katika chumba cha Kupro ya kale pale British Museum. Vyombo vingi vya chumba kile vilitolewa makaburini katika miaka ya 1890, wakati kisiwa kilikuwa mikononi mwa Waingereza. Wageni wengi huvutwa na dhahabu. Mimi nilisimama mbele ya bakuli kwa sababu ya maneno machache yaliyoandikwa kwenye kibao chake: limefinyangwa kwa mkono.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi. Alikuwa Mkisi wa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya Milima ya Livingstone na maji ya Ziwa Nyasa, mahali ambapo kwa miaka mingi ungefika kwa mtumbwi au kwa miguu tu. Alifinyanga kama mama yake alivyofinyanga. Aliweka tonge la udongo juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, akalizungusha polepole kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiinua ukuta. Akakwangua kwa kipande cha kibuyu, akasugua kwa jiwe laini la ziwani mpaka udongo ukang'aa. Vyungu vilichomwa uwanjani kwa kuni na nyasi. Vikishapoa, alivigonga kimoja kimoja kwa kucha na kusikiliza. Chungu kizima kililia kama kengele ndogo. Chenye ufa kilitoa sauti ya kukauka, naye alikitenga bila kusema neno.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu mmoja alituchorea ubaoni ngazi ya maendeleo ya binadamu. Kila kitu kilikuwa na kipandio chake: jiwe, shaba, chuma. Alipofika kwenye ufinyanzi alisema kwamba jamii zilizoendelea ziligundua gurudumu la mfinyanzi, na zilizobaki nyuma ziliendelea kufinyanga kwa mkono. Tuliandika madaftarini. Nilijua bibi yangu yuko kipandio gani, na nilijua pia kwamba chai niliyokunywa asubuhi ile ilichemshwa kwa maji ya mtungi wake.

Kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini maneno yale ya kwenye kibao yalinishika. Wakati bakuli lile linafinyangwa, gurudumu halikuwa siri. Mafundi wa Misri na wa pwani ya Shamu walikuwa wamelitumia kwa karne nyingi, na hata Kupro kwenyewe lilikuwapo. Bado wafinyanzi wa kisiwa kile walitengeneza vyombo vyao bora kwa mkono. Na majirani zao wenye magurudumu walivinunua. Mabakuli meupe ya Kupro yamechimbuliwa Ugarit, kaskazini mwa pwani ya Shamu. Yamechimbuliwa Lachish na Tell el-Ajjul, karibu na Gaza. Yamepatikana Misri, yamepatikana hata Krete. Mtu wa Ugarit, ambaye mjini kwake kulikuwa na wafinyanzi wa gurudumu, alitoa mali yake ili apate bakuli lililofinyangwa kwa vidole ng'ambo ya bahari.

Kupro walikuwa na aina nyingine pia, vyombo vya kahawia vyenye kuta nyembamba sana, ambavyo ukivigonga hulia kama bati. Nacho ni kazi ya mkono. Kimoja kinachojulikana zaidi ni kijagi kidogo chenye shingo ndefu na tumbo la duara. Mwaka 1962 mtafiti Robert Merrillees alipendekeza kwamba ukikigeuza juu chini, kijagi hicho kinafanana na tumba la mmea wa afyuni, na kwamba umbo hilo lilikuwa tangazo la kilichomo ndani. Wengine walicheka, wengine walikubali. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha York na wa British Museum walitangaza kwamba wamepata mabaki ya kemikali za afyuni ndani ya kijagi kimoja. Vingine vimeonekana kubeba mafuta, kwa hiyo hoja haijafungwa. Mimi hunivutia jambo dogo zaidi: mfinyanzi aliyejua kwamba mnunuzi yuko mbali na hasomi maandishi yake, akaufanya udongo wenyewe useme.

Nilimwonyesha mama mdogo picha ya bakuli jeupe kwenye simu. Yeye ndiye aliyerithi kazi ya bibi. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaipeleka kushoto, akairudisha, akasimama pale mkono wa bakuli unapokutana na ukuta.

"Huyu hakubandika," alisema. "Ametoboa ukuta, akapenyeza mkono, akaziba kwa ndani."

Baadaye nilisoma kwamba ndivyo hasa wafinyanzi wa Kupro walivyofanya: ncha ya mkono ilipenyezwa kwenye tundu la ukuta, ikasawazishwa ndani. Mama mdogo hakuhitaji kusoma. Aliuliza tu kama yule mtu aliishi mbali na ziwa, maana udongo ulionekana una mchanga.

*

Mwaka 1982 mpiga mbizi wa sponji wa Uturuki, Mehmed Çakır, alimweleza nahodha wake kwamba chini ya rasi ya Uluburun, kusini mwa nchi hiyo, ameona vitu kama biskuti za chuma zenye masikio. Zilikuwa mikate ya shaba iliyomwagwa katika umbo la ngozi ya ng'ombe, yenye pembe nne za kushikia. Timu ya George Bass, na baadaye Cemal Pulak, ilichimba mahali pale kuanzia 1984 hadi 1994. Merikebu ililala kwenye mteremko, zaidi ya mita 40 chini ya maji, hivyo kila mpiga mbizi alikaa dakika chache tu kabla ya kupanda. Ilichukua mizamio zaidi ya 22,000.

Merikebu ile ilizama kuelekea mwisho wa karne ya 14 KK. Ilibeba tani 10 hivi za shaba, nyingi yake ikiwa ya Kupro, na karibu tani moja ya madini ya bati. Changanya kumi kwa moja na unapata bronzi, metali ya panga na majembe ya zama zile. Kulikuwa na mitungi kama 150 ya Kanaani, mingi ikiwa na utomvu wa mti wenye harufu nzuri. Kulikuwa na vipande vya kioo vya bluu, pembe ya ndovu, meno ya kiboko, maganda ya mayai ya mbuni, na skarabu ndogo ya dhahabu yenye jina la Malkia Nefertiti.

Na kulikuwa na magogo meusi. Wamisri waliyaita kwa neno ambalo Wagiriki walilichukua, Waarabu wakalipokea, na sisi tukalipata katika umbo la abunusi. Wataalamu walipoyachunguza waligundua kwamba ni mpingo, mti uleule wa Lindi na Mtwara ambao Wamakonde huuchonga na viwanda vya Ulaya hutengenezea zumari. Sisemi kwamba gogo lile lilitoka kwetu. Mpingo huota kuanzia Sudan na Ethiopia hadi Msumbiji, na njia iliyo rahisi kuaminika ni ile ya kutoka nchi zilizo kusini mwa Misri, kushuka na Nile, hadi bandarini. Hata hivyo, kuna kitu kilinigusa kujua kwamba mti ninaoutambua kwa kuushika ulikuwa chini ya bahari ile, ukiwa umefungwa pamoja na vitu ambavyo sikuwahi kufikiri vinanihusu.

Lakini kwangu mimi mzigo mkuu wa Uluburun ni ule usio na thamani kubwa. Merikebu ilikuwa na kasiki kubwa za udongo, ndefu kiasi cha kumfikia mtu mzima kifuani au zaidi. Wachimbaji walipozifungua walikuta nyingine zimejazwa vyombo vipya vya Kupro: mabakuli meupe, vijagi, taa za mafuta, vikiwa vimepangwa kimoja ndani ya kingine. Kasiki ilikuwa kontena.

Bibi alipakia hivyohivyo. Siku moja kabla ya soko la Jumamosi la Lyulilo, vyungu vidogo viliingizwa ndani ya vikubwa, katikati kukasokotwa nyasi kavu, na mitumbwi ikaondoka Ikombe kabla ya jua kuchomoza ili kuwahi ziwa likiwa limetulia. Upepo ukiamka, unapoteza kazi ya mwezi mzima. Nilipoona mchoro wa kasiki ile ya Uluburun na mabakuli yaliyolala ndani yake, nilijua kabisa mtu aliyeipakia alikuwa akiwaza nini. Alikuwa akiwaza mawimbi.

*

Wafalme wa wakati ule waliandikiana barua. Mwaka 1887, huko Amarna nchini Misri, zilipatikana mamia ya barua hizo, zimechorwa kwa herufi za kikabari juu ya vibao vya udongo. Farao anapeleka Babeli vitanda vya mpingo vilivyopambwa kwa pembe na dhahabu. Mfalme wa Alashiya, ambayo wataalamu wengi wanaitambua kuwa Kupro, anamwomba radhi Farao kwamba shaba aliyotuma ni kidogo, kwa kuwa maradhi yameua watu wake na hakuna aliyebaki wa kuyeyusha madini. Wataalamu walipochunguza udongo wa barua za mfalme huyo, waliona unalingana na udongo wa Kupro. Barua yenyewe, basi, ni ndugu wa bakuli.

Katika barua hizo mabakuli ya kila siku hayana nafasi. Dhahabu imo, farasi wamo, mabinti wa kuolewa wamo. Chombo cha udongo hakikuwa zawadi ya mfalme kwa mfalme. Kilisafiri pembeni mwa shaba, pengine ni biashara ndogo ya mabaharia wenyewe. Lakini dhahabu ya Babeli iliyeyushwa mara nyingi na shaba iligeuzwa majembe, huku udongo uliochomwa haugeuzwi kuwa kitu kingine. Hauozi wala hauyeyuki, na ukivunjika hakuna anayeuiba. Ndiyo maana historia ya bahari ile, kwa sehemu kubwa, imeandikwa kwa takataka za jikoni.

Na hapo ndipo penye mtego. Kwa muda mrefu wasomi walisoma vigae kana kwamba ni vitambulisho vya watu. Vigae vya Kigiriki vikiwa vingi mahali, basi Wagiriki walihamia hapo. Mfano mzuri ni majagi makubwa ya kuchanganyia divai yaliyochorwa magari ya vita yanayovutwa na farasi. Yamepatikana kwa wingi sana katika makaburi ya Kupro na katika pwani ya Shamu, na kwa uchache Ugiriki. Yametengenezwa kwa mtindo wa Mycenae, kwa hiyo baadhi ya wasomi walifikiri kuna walowezi wa Kigiriki Kupro tangu karne ya 14 KK. Uchunguzi wa udongo ulionyesha kwamba mengi yalifinyangwa Ugiriki, katika eneo la Argos na Mycenae. Kumbe kulikuwa na karakana zilizotengeneza vyombo kwa ajili ya wateja wa ng'ambo, waliopenda picha za magari ya vita kuliko watu wa nyumbani. Baadhi ya vyombo vya Mycenae vina alama zilizokwanguliwa kwenye mikono au kitako kwa utaratibu wa Kupro, na vichache vyenye alama hizo vimepatikana Ugiriki kwenyewe, kana kwamba vilikuwa vimeshatengwa kwa safari.

Ninalipenda somo hili kwa sababu nimekulia ndani yake. Nyumba yetu ilikuwa Tukuyu, milimani, kwa Wanyakyusa, watu wa baba yangu. Jikoni mwa karibu kila mama mtaani mlikuwa na chungu cha Ikombe. Cha maharage, cha pombe, cha kuhifadhia maji. Mgeni akija kuchimba Tukuyu baada ya miaka elfu tatu na kuhesabu vigae, ataandika kwamba Wakisi waliivamia milima na kuwafukuza wenyeji. Hatajua kwamba Wakisi wachache tuliokuwapo ni mama yangu na wanawake wengine walioolewa huko, na kwamba vyungu vingine vyote vilipanda mlima juu ya vichwa vya wachuuzi. Jikoni mwa mama, chungu kilikuwa kumbukumbu ya kwao. Kwa jirani yetu, chungu kilekile kilikuwa cha maharage tu.

Hata hivyo, sitaki kuligeuza hili kuwa kanuni nyingine ya ubaoni. Kuna wakati vyungu hufuatana na watu kweli. Katika karne ya 12 KK, kwenye miji ya Ashkeloni, Ashdodi na Ekroni, kulitokea vyombo vya mtindo wa Kigiriki vilivyofinyangwa kwa udongo wa hapohapo. Hiyo ni miji ya Wafilisti, wale wa Goliathi. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 10 waliozikwa Ashkeloni katika nyakati mbalimbali. Watoto wachanga wa mwanzo wa kipindi cha Wafilisti walikuwa na asili ambayo kwa sehemu inatoka kusini mwa Ulaya. Watu waliofuata, ndani ya karne mbili hivi, hawakuwa tena na alama hiyo ya kutambulika. Wageni walikuja, wakaoa na kuolewa, wakayeyuka katika wenyeji, ila jina la Wafilisti liliendelea kutumika kwa karne nyingine kadhaa.

Nilipoisoma habari hiyo niliwaza juu yangu mwenyewe, mtoto wa Mkisi na Mnyakyusa, ninayeandika Kiswahili na ambaye siwezi kufinyanga hata kikombe. Damu ya Ikombe ninayo nusu. Udongo wake sinao. Binti wa jirani yetu wa Tukuyu, ambaye hana undugu wowote na Ikombe, alikwenda kukaa huko miaka miwili na sasa anajua kuinua ukuta wa chungu. Kigae kimoja cha kazi yake kitasema kweli kuhusu mikono iliyomfundisha, na kitadanganya kuhusu ukoo wake.

*

Kufikia karne ya 12 KK mabakuli meupe ya Kupro yalikuwa yanatoweka. Miji mingi ya mashariki mwa Mediterania ilianguka au kuchomwa katika miaka hiyo. Ugarit haikuinuka tena. Kupro ilinusurika kuliko wengi, lakini ladha ilibadilika na soko la ng'ambo lilikatika. Karakana za kisiwa zilianza kutoa kwa wingi vyombo vya gurudumu vya mtindo wa Kigiriki, vinavyofanana na vinavyotoka haraka. Ufundi wa mkono uliodumu kwa karne nyingi uliishia pale kama kazi ya vyombo vya fahari.

Ule ubao wa darasa la tano ungesema kwamba hapo ndipo Kupro walipopanda kipandio. Mimi naona zaidi ya hicho. Naona kwamba gurudumu lilishinda siku ambapo wateja wa bakuli jeupe walipotea, wakati ubora wa bakuli haukuwa umepungua hata kidogo. Ndoo ya plastiki ilifanya hivyohivyo kwa mtungi wa bibi. Maji ya mtungi yalikuwa ya baridi kuliko ya ndoo, kila mtu Tukuyu alikubali hilo, na kila mtu alinunua ndoo, kwa sababu ndoo ikidondoka haivunjiki na mtoto anaweza kuibeba.

Mama mdogo ana mabinti watatu. Mmoja ni muuguzi Mbeya, mmoja anauza vocha na vifuniko vya simu, wa mwisho yuko chuoni. Hakuna anayefinyanga, na mama yao hajawahi kuwalazimisha. Mgongo wake unamuuma, anajua anachowaepushia.

Lakini yeye hajaacha. Mara ya mwisho nilipokwenda Ikombe nilimkuta amepanga uani vyombo ambavyo bibi hakuwahi kuvifinyanga maishani mwake. Vilikuwa vya maua, vya nyumba za wageni, na kila kimoja kilikuwa na kitako bapa. Chungu chetu cha asili ni cha duara chini, kikae sawasawa juu ya mafiga matatu. Nilimuuliza kama anavipenda hivi vipya.

"Vina sura ya sufuria," alisema huku akikwangua ukingo. "Lakini mteja ana meza, mwanangu. Hana mafiga."

Kisha akakigonga kimoja kwa kucha, akasikiliza, akakiweka upande wa vya kwenda sokoni.